Nusu ya neno: msamiati wa Kiingereza ndani ya riwaya

Makala za namna hii aghalabu huanza na kidahizo. Kidahizo chetu cha leo si cha Kiswahili wala si cha Kiingereza, bali ni neno la Kiigbo, "obi". Mwanafunzi wa kidato cha tatu kule Busawe, mkoani Mara, aliyekwisha kusoma riwaya ya Chinua Achebe iitwayo Things Fall Apart, analijua neno hili barabara. Mwulize obi ni nini, naye atakujibu bila kusita: ni nyumba ya mwenye mji, iliyo mbele, anamokaa na kupokelea wageni, ilhali wake zake wana nyumba zao nyuma yake. Hakulitafuta katika kamusi yoyote. Hakuna mwalimu aliyemwandikia ubaoni. Hakumbuki hata siku aliyojifunza.

Mwanafunzi huyohuyo, katika kurasa za mwanzo za kitabu hichohicho, alikutana na neno "improvident". Hapo alisimama, akafungua kamusi, akaandika maana yake katika daftari, akapiga mstari. Baada ya wiki moja limemtoka kichwani. Hili limenishughulisha tangu nilipoanza kufundisha: kwa nini neno la lugha ya mbali, ambalo hatalihitaji tena maishani, linakaa, na neno la Kiingereza atakaloulizwa katika mtihani halikai?

Riwaya ya Achebe ilitoka London mwaka 1958. Msomaji wa London wa mwaka huo hakulijua neno "obi" zaidi ya alivyolijua msomaji wa Mara. Mwandishi alilijua jambo hilo na hakulionea haya. Aliliweka neno mahali ambapo mambo yanayolizunguka yanalieleza, kisha akalirudia: mtu anaingia ndani ya obi, mgeni anakaribishwa humo, kola inavunjwa humo. Kila mara msomaji anaongeza kidogo juu ya alichokwisha kukikisia. Wala hajui kwamba anajifunza, kwa kuwa akili yake iko kwa Okonkwo, si kwa neno.

Sasa litazame "improvident". Achebe analitumia kumweleza Unoka, baba yake Okonkwo, na papo hapo, katika sentensi ileile, anatuambia kwamba mtu huyu hakuweza kabisa kufikiria ya kesho. Kisha inafuata habari ya madeni yake, pombe yake, filimbi yake, na mkewe na watoto wanaokosa chakula. Fasili ya neno iko hapohapo, tena ni bora kuliko ya kamusi yoyote ninayoijua. Lakini mwanafunzi wetu hakuifikia. Aliposimama kufungua kamusi aliikata sentensi katikati, na aliporejea aliendelea mbele akiwa na kisawe kimoja mkononi, bila Unoka.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1978 watafiti watatu, Saragi, Nation na Meister, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa kutumia riwaya ya Anthony Burgess, A Clockwork Orange, ya mwaka 1962. Burgess alimpa msimulizi wake msimu wa vijana wenye maneno zaidi ya 200, mengi yakiwa yametoholewa kutoka Kirusi. Watu wazima, wasemaji wazawa wa Kiingereza, walipewa kitabu wakisome bila faharasa ya maneno hayo, wakiamini kwamba wataulizwa juu ya hadithi. Siku chache baadaye wakashtukizwa na mtihani wa maneno 90. Kwa wastani walipata asilimia 76.

Matokeo hayo yamewapa watu wengi matumaini makubwa kupita kiasi. Wapo walimu wanaoyachukua kana kwamba ukimpa mtoto riwaya na kumwacha, msamiati utajiotea wenyewe kama magugu baada ya mvua. Tusisahau kwamba wasomaji wale walijua kila neno jingine lililokuwa katika ukurasa. Neno geni lilikuwa limezungukwa na majirani wanaofahamika. Mtoto wa Busawe hayuko katika hali hiyo. Nyumbani anazungumza Kingoreme au Kikuria, shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, na anapoingia kidato cha kwanza masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, lugha yake ya tatu. Katika ukurasa wake majirani nao ni wageni.

Kuna utafiti wa mwaka 1998 unaofanana zaidi na hali yetu, nao unatoka Oman. Horst, Cobb na Meara waliwachukua wanafunzi 34 wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, ambao Kiingereza chao kilikuwa bado cha chini, wakasoma toleo lililorahisishwa la riwaya ya Thomas Hardy, The Mayor of Casterbridge. Mwalimu alisoma kwa sauti, wao wakafuatisha katika vitabu vyao, mpaka mwisho. Walijifunza takriban neno moja kati ya kila matano ambayo hawakuyajua mwanzoni, na maneno yaliyojirudia mara nane au zaidi yalikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki. Moja kati ya matano ni mavuno ya kawaida tu. Lakini yalipatikana kwa sababu kitabu kiliteremshwa mpaka kiwango cha msomaji na kwa sababu kilisomwa chote.

Paul Nation, mmoja wa wale watatu wa mwaka 1978, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili msomaji aisome riwaya ya Kiingereza isiyorahisishwa bila msaada anahitaji kujua koo za maneno kati ya 8,000 na 9,000, yaani awe anayajua maneno 98 katika kila 100 yanayopita machoni pake. Katika nchi yetu ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha jinsi wanafunzi wengi wa sekondari walivyokuwa mbali na Kiingereza kinachohitajika kusomea masomo yao, na mojawapo ya matunda yake ulikuwa mradi uliofadhiliwa na Uingereza, uliosambaza vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa katika shule za sekondari mwishoni mwa miaka ya 1980. Wapo wanaovidharau vitabu vile. Mimi sividharau. Mwanafunzi asiyesoma hadithi ishirini nyepesi hana daraja la kumfikisha kwa Achebe, na kumpa Achebe mapema mno ni kumfundisha kuichukia riwaya.

Tuseme basi amefika. Bado kuna mtego ambao kuhesabu maneno hakuuonyeshi, nao umo katika jalada. Maneno yote matatu ya jina la kitabu mwanafunzi anayajua tangu kidato cha kwanza. Nimewahi kuwataka wanafunzi walitafsiri, nikapata "vitu huanguka pembeni". Hakuna kosa katika neno lolote, na maana haipo. Kitenzi na kijalizo chake vimeungana kuwa neno moja lenye maana ya kusambaratika, kumeguka vipande, kama nyumba iliyoachwa bila mtu. Clement Ndulute, aliyeifasiri riwaya hii kwa Kiswahili mwaka 1973, hakulifuata jina la Kiingereza; aliiita Shujaa Okonkwo. Watafsiri wanaweza kubishana kama alipoteza kitu hapo. Nadhani alipoteza, ila sijaona pendekezo la Kiswahili ambalo lingekaa vizuri katika jalada.

Mtego wa pili ni maneno ambayo mwanafunzi anayajua kwa maana nyingine. "Title" kwake ni kichwa cha habari. Katika Umuofia ni daraja la heshima ambalo mtu hulipata kwa mali na sherehe. "Compound" amelisikia katika chumba cha kemia. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kidato cha tatu, nilichukua maana ya kwanza niliyoikuta katika kamusi na kuandika kwamba mchanganyiko wa Okonkwo ulikuwa mkubwa na umezungushiwa ukuta mnene. Mwalimu alisoma darasani sentensi yangu kwa sauti, na sikuelewa wanacheka nini. Uchungu wake ni kwamba neno nililokuwa nalitafuta nilikuwa nalo. Wazee wa kwetu, hata wakisema Kiswahili, husema "mji wa fulani" wakikusudia makazi ya mtu na wake zake na watoto wake na zizi lake. Hawakusudii Musoma wala Mwanza. Mji wa Okonkwo! Laiti ningekisia kwanza kutokana na ukuta, nyumba za wake na ghala, ningefika pale bila kamusi, kisha kamusi ingenithibitishia.

Na "yam" je? Wengi huandika "kiazi", wakapita. Msomaji wa Mara akisoma kiazi huona kiazi kitamu, zao ambalo kwetu mara nyingi hulimwa na akina mama, na ghafla Okonkwo, mpiganaji mieleka, anakuwa mtu wa kuchekesha anayejivunia matuta ya viazi vitamu. Kiswahili kina neno lake, "kiazi kikuu", na riwaya inasisitiza kwamba zao hili ni la wanaume na ndilo kipimo cha utajiri. Ukiliona jambo hilo katika kitabu, kiazi kitamu hakikubaliki tena hata kama ndicho cha kwanza kukujia kichwani.

Hayo ndiyo yanayonifanya niwashauri wanafunzi na walimu waifungue kamusi wakiwa wamechelewa. Isome sura mpaka mwisho. Neno geni lipigie alama ya penseli na upite. Likirudi, liongezee alama. Lile lenye alama moja tu mwishoni mwa sura liache liende zake, isipokuwa kama hadithi imekukatikia hapo. Yaliyorudi ndiyo ya kuyashughulikia: andika kwanza ulichokisia, kwa Kiswahili au kwa Kingoreme, lugha yoyote inayokujia haraka, halafu fungua kamusi thaniya na uangalie ni maana ipi kati ya zilizoorodheshwa inayoingia katika sentensi yako. Katika daftari usiandike neno peke yake. Liandike pamoja na lililokuwa kando yake: nani alifanya, alimfanyia nani. Kwa darasa lenye vitabu vitano na wanafunzi hamsini, fanya kama walivyofanya kule Oman, mwalimu asome kwa sauti. Huo si upungufu wa njia. Ulikuwa sehemu ya njia yenyewe.

Wala kamusi haidhalilishwi kwa kusubirishwa. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, alikuwa amekwisha kuchapisha Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, tafsiri zake za riwaya za Haggard na Stevenson. Kamusi kubwa inayohusishwa na jina lake ilitoka mwaka 1939, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mtu yule alikuwa amekwisha kuhangaika na maneno ndani ya hadithi kabla ya kuyapanga kwa alfabeti.

Nimalizie na neno moja ambalo bado silimudu. Katika sura ya tatu tunaambiwa Unoka alikufa kwa ugonjwa wa kuvimba, na kwamba ugonjwa huo ulikuwa "abomination" kwa mungu wa kike wa ardhi; kwa hiyo hakuruhusiwa kufia nyumbani wala kuzikwa, akapelekwa katika Msitu wa Uovu. Nilipokuwa shuleni niliandika "chukizo", neno ninalolijua kutoka Biblia, nikaridhika. Nakala tuliyokuwa tukiisoma ilikuwa moja kwa watu wanane, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimechanika kabla haijatufikia. Tuliishia Okonkwo akiwa amemkata tarishi wa serikali kwa panga. Tukafanya mtihani hivyohivyo.

Kurasa zile nilizisoma nikiwa nimekwisha kumaliza shule, katika nakala niliyoazimwa. Okonkwo amejinyonga. Mkuu wa wilaya anauliza kwa nini watu wake hawamshushi wenyewe, anajibiwa kwamba hawawezi kumgusa wala kumzika, na neno linalotumika kueleza ni lilelile. Mwana aliyetumia maisha yake yote kujitenga na baba yake ameishia mahali alipoishia baba: nje ya mji, ameikosea ardhi, hana kaburi la watu wake. Nilirudi sura ya tatu nikalisoma upya.

"Chukizo" halitoshi hapo, kwa sababu linataja hisia ya anayetazama. "Mwiko" linakaribia, ila mwiko ni katazo, na hapa katazo limekwisha kuvunjwa na ardhi imekwisha kunajisika. "Unajisi" nalo linabeba uchafu bila kubeba kosa. Nimewauliza watafsiri kadhaa, na kila mmoja ana chaguo lake na kisa cha kulitetea. Msomaji mwenye neno la lugha ya kwao linalobeba yote mawili, katazo na uchafu wa ardhi, anaweza kuanzia hapo.