Askari Asiyejulikana wa Rwanda

Mashujaa wa taifa la Rwanda wamepangwa kwa madaraja, na daraja la juu kabisa, Imanzi, lina wawili tu. Mmoja ni Meja Jenerali Fred Gisa Rwigema. Wa pili ni Askari Asiyejulikana, anayewawakilisha wanajeshi wote waliokufa wakiikomboa nchi au kuilinda. Kaburi lake liko Remera, Kigali, kwenye makaburi ya mashujaa, na kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, Rais huweka shada la maua hapo. Desturi hii ya kumheshimu askari mmoja kwa niaba ya wenzake ilianzia London na Paris mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuacha maiti wengi mno wasiotambulika.

Rwanda ilikuwa na sababu yake ya kuifuata. Jeshi la RPF (Rwandan Patriotic Front), chama cha wakimbizi wa Rwanda, lililovuka mpaka wa Uganda kwa kupitia Kagitumba tarehe 1 Oktoba 1990 halikuwa jeshi la mshahara. Viongozi wake na wapiganaji wake wa kwanza walitoka katika jeshi la Uganda, lakini waliofuata walikuwa vijana wa kujitolea, watoto wa wakimbizi waliokulia Uganda, Burundi, Tanzania na Zaire. Kutoka Masisi na Rutshuru, upande wa Zaire, ng'ambo tu ya mji wa Rwanda wa Gisenyi, vijana walijiunga pia. Chakula na dawa vilitokana na michango ya Wanyarwanda waliokuwa nje. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, na wengi waliitwa kwa majina ya vitani badala ya yale waliyopewa na wazazi. Kijana wa namna hiyo akianguka, na wenzake wa karibu wakaanguka naye, nani angejua wazazi wake wako kambi gani, au nchi gani?

Rwigema mwenyewe, kiongozi wa jeshi hilo, aliuawa siku ya pili ya vita, akiwa na umri wa miaka 33. Mwezi ule uliisha kwa kushindwa. Paul Kagame, aliyerudi kutoka masomoni Marekani kushika uongozi, aliwaondoa waliobaki kwenye tambarare za mashariki na kuwapeleka katika milima ya Virunga.

Huko ndiko kuliko na makaburi mengi yasiyojulikana. Virunga ni safu ya volkano. Karisimbi, mrefu kuliko yote, una mita 4,507. Chini kuna misitu ya mianzi, juu yake ukungu na mvua ya baridi, na ardhi ni udongo mwembamba uliolala juu ya mwamba wa lava. Vijana waliozoea joto la Uganda walikesha humo na sare nyepesi, bila hata kuweza kuwasha moto ovyo kwa kuhofia moshi usionwe. Baadhi walikufa kwa baridi kabla hawajafyatua risasi. Aliyekufa alizikwa palepale, wenzake wakaendelea na safari. Hata hivyo waliojitolea hawakupungua: inakadiriwa jeshi lilikuwa na watu 5,000 mwanzoni mwa 1991, na zaidi ya 25,000 kufikia Aprili 1994.

Nyundo, kilima chenye kanisa kuu na seminari nje kidogo ya mji wa Gisenyi, kiko upande wa kusini wa safu hiyohiyo. Wapiganaji walikuwa bado mbali Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari, Watutsi waliokimbilia hapo walipouawa kanisani na seminarini. Mjini Gisenyi aliuawa Félicité Niyitegeka, aliyekataa kuwaacha wakimbizi aliowahifadhi. Yeye yumo katika daraja jingine la mashujaa, Imena, kwa jina lake kamili. Gisenyi ilikuwa miongoni mwa miji ya mwisho kutekwa na RPF, katikati ya Julai, serikali iliyoongoza mauaji ikiwa imekwisha kuvukia Goma.

Vifo havikukoma hapo. Mwaka 1997 na 1998 waasi walioitwa abacengezi walivuka kutoka Zaire ya zamani na kupigana katika mikoa ya Gisenyi na Ruhengeri, na wanajeshi vijana wakafa tena kwenye vilima vilevile. Hao nao wanahesabiwa katika kaburi la Remera, ambako mtu asiye na cheo wala jina amewekwa daraja moja na jenerali, na ndivyo inavyostahili.