Vijana Waliochagua Kusikiliza

Mama wa Singida hahitaji kuelezwa ugomvi wa bombani ulivyo. Mkoa wetu ni mkavu. Wakati wa kiangazi foleni ya ndoo huanza kabla jogoo hajawika, na anayeiruka hutukanwa yeye na ukoo wake. Hata hivyo jioni wagombanao hukutana msibani na mambo huisha. Sasa fikiria foleni hiyo iko kambini, na aliye mbele yako ni wa watu unaoamini kuwa ndio waliokufukuza kwako. Naye anakuwazia hivyo hivyo.

Hayo si mageni katika nchi za Maziwa Makuu. Kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 wakaongezwa maelfu ya Warundi, wengine wakalala madarasani na makanisani. Katika msongamano wa namna hiyo watoto hurithi chuki bila kujua hata ilianzia wapi.

Lakini wako vijana waliokataa urithi huo. Ninaowafahamu vizuri zaidi walikuwa Kyangwali, magharibi mwa Uganda, karibu na Ziwa Albert. Mwaka 2005 vijana wakimbizi, baadhi yao wakiwa bado wanafunzi, walianzisha chama wakakiita COBURWAS. Jina hilo limeshonwa kwa vipande vya majina ya Kongo, Burundi, Uganda, Rwanda na Sudani, yaani nchi za majirani waliokuwa hawaaminiani. Mmoja wao, Joseph Munyambanza, alikuwa ameikimbia Kongo akiwa na miaka sita. Chama kilipoanza alikuwa na 14. Umri huo wengi wetu hatuwatumi watoto sokoni peke yao!

Walilima pamoja ili kupata karo za wenzao. Baadaye wakafungua shule ya msingi, kisha hosteli ya wasichana mjini Hoima. Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa kuwashawishi wazazi, hasa kuhusu mabinti. Mama anayemzuia binti asiende shule aghalabu ana hofu: njia ni ndefu, shamba linataka mikono, na kesho haijulikani. Ukimwita mjinga umemfunga masikio. Ukimwuliza anaogopa nini, mazungumzo yameanza.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Marshall Rosenberg, aliyefariki mwaka 2015, alifundisha njia hiyo katika nchi nyingi. Akiwa mtoto alishuhudia ghasia za weusi na weupe mjini Detroit mwaka 1943. Maneno ya kulaumu aliyaita lugha ya mbweha. Maneno ya upole aliyaita lugha ya twiga, mnyama mwenye moyo mkubwa. (Sisi tunaye kwenye nembo zetu miaka yote, wala hatukujua kuwa ana lugha!) Alifundisha hatua nne: taja ulichokiona, sema unavyojisikia, sema unachohitaji, kisha omba jambo moja linalowezekana.

Mathalani, umerudi shambani vyombo havijaoshwa. Tumezoea kusema, "Mvivu wewe, kama baba yako!" Hapo umewatukana wawili na vyombo bado ni vichafu. Jaribu hivi: "Mwanangu, nimekuta vyombo havijaoshwa. Nimechoka, na nahitaji msaada kabla giza halijaingia. Unaweza kuviosha sasa?" Halafu nyamaza umsikie. Huenda ametoka shuleni akiwa na jambo zito moyoni.

Niseme wazi, akina mama, kwamba upole huu si wa kuvumilia kipigo. Anayepigwa nyumbani asikae akitafuta maneno matamu. Aende kwa ndugu anaowaamini, ustawi wa jamii au polisi. Twiga naye hupiga teke, na simba analiogopa.

Baadhi ya vijana wa Kyangwali walifika vyuo vikuu. Munyambanza mwenyewe alisoma Marekani. Ninachovutiwa nacho mimi ni kwamba hawakungoja wazee wapatane kwanza.

Kikundi chenu kitakapokutana, jaribuni zoezi hili, na vijana wenu wawepo. Mmoja aseme linalomuudhi. Mwenzake, kabla ya kujibu, arudie alichosikia mpaka msemaji akubali kuwa ndicho alichosema. Wengi hukwama hapo kwenye kurudia. Waacheni vijana waanze.