Kovu la Titi na Namna ya Kulitunza

Mama, labda daktari amekuambia kwamba titi lako lazima lipasuliwe. Labda una uvimbe unaotakiwa kuondolewa, au jipu lililokushika wakati wa kunyonyesha. Labda umesikia pia kwamba katika miji mikubwa kama Nairobi wako wanawake waliopasuliwa ili matiti yao yaliyolegea yainuliwe, au yapunguzwe kwa sababu uzito wake uliwaumiza shingo na mabega. Operesheni hizi hazifanani, lakini zote huacha kovu.

Wako wanaoogopa kovu kuliko kisu chenyewe. Mtu wa namna hii huweza kukaa nyumbani na uvimbe wake mpaka wakati wa kumsaidia umepita. Kwa hiyo ni vizuri ujue kovu ni kitu gani, na wewe mwenyewe unaweza kufanya nini ili lisiwe baya.

KOVU NI NINI?

Ngozi ikikatwa, mwili huanza mara moja kuziba mahali pale. Kwanza damu huganda. Halafu mwili hutengeneza nyuzi ngumu na kuzipitisha huku na huku, kama fundi anayetia kiraka upesi ili nguo isizidi kupasuka. Kiraka hufunga tundu, lakini si kitambaa kile cha kwanza.

Nguvu ya kiraka hiki huja polepole. Tuseme ngozi nzima ina nguvu 100. Wiki moja baada ya operesheni, jeraha lina nguvu kama 3 tu. Baada ya wiki 3, lina kama 20 au 30. Baada ya miezi 3, kama 80. Halifiki tena 100. Basi usidanganyike kwa sababu jeraha limefunga na nyuzi zimetolewa. Ndani bado ni dhaifu.

Katika miezi ya kwanza kovu huwa gumu na jeusi, nalo huwasha. Hapo wengine hufadhaika na kusema, "Daktari ameharibu," au, "Nimelogwa." Sivyo. Kuwashwa ni dalili kwamba mwili ungali unafanya kazi yake. Kovu huendelea kulainika na kupungua rangi kwa miezi 12 mpaka 18. Usilihukumu kabla ya mwaka kwisha.

KWA NINI MAKOVU MENGINE HUINUKA?

Wazee wa makabila mengi ya Kongo walijua jambo hili zamani. Walipotaka kupamba mwili kwa chale zilizoinuka, walichanja ngozi, halafu wakasugua majivu au unga wa makaa ndani ya vidonda. Kidonda kikisumbuliwa, huchelewa kupona, na kovu lake huwa nene. Sasa fikiri. Mtu akipaka majivu, majani yaliyopondwa, au dawa ya meno juu ya jeraha la operesheni, anafanya kazi ile ile ya wazee, lakini mahali asipotaka pambo.

Makovu yaliyoinuka ni ya namna mbili. Namna ya kwanza huinuka, lakini hukaa ndani ya mpaka wa jeraha. Hili mara nyingi hupungua lenyewe. Namna ya pili huvuka mpaka wa jeraha na kuingia katika ngozi nzima, nalo huendelea kukua. Hili huitwa keloidi. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, aliyefanya kazi Paris miaka 200 iliyopita, ndiye aliyelipa jina hilo, kwa sababu alliona limetoa miguu kama kaa.

Keloidi si kansa, wala haiambukizi. Huwapata watu weusi kuliko weupe, na vijana kuliko wazee. Mara nyingi hufuata ukoo. Hupenda masikio, mabega, na katikati ya kifua. Kwa hiyo daktari mwenye busara, akipasua titi, hujaribu kukaa mbali na mfupa wa kifua. Katika operesheni ya kuinua matiti, mkato huzunguka duara jeusi la chuchu. Mara nyingi hushuka pia chini, na pengine hufuata mkunjo ulio chini ya titi, mahali ambapo titi lenyewe hulificha kovu.

KABLA YA OPERESHENI

Mwonyeshe daktari makovu yako ya zamani. Angalia sikio lililotobolewa, mahali pa sindano, na alama za chale. Kama wewe, mama yako au ndugu yako ana kovu lililoinuka, sema. Kama una ugonjwa wa sukari, sema. Kama unavuta tumbako, acha wiki 4 kabla na wiki 4 baada, kwa sababu moshi hupunguza damu inayoilisha ngozi, hasa ngozi ya chuchu.

WIKI ZA KWANZA

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa bandeji. Usiweke kitu chochote ambacho hospitali haikukupa.

2. Vaa sidiria safi inayoshika vizuri bila kubana, mchana na usiku, kama ulivyoagizwa. Titi likining'inia, uzito wake huvuta jeraha, na kovu hupanuka.

3. Kwa wiki 6 usibebe bidoni ya maji, wala mzigo wa kuni, wala usilime. Usimfunge mtoto mgongoni, maana kitambaa hupita juu ya matiti na kusugua jeraha. Nyumba nzima isikie neno hili: baba, wifi na mabinti wachukue kazi hizo.

4. Kula vizuri. Mwili hauwezi kutengeneza nyuzi bila vyakula vya kujenga. Samaki wa Kasenyi, maharagi, mayai, karanga, sombe na matunda vinafaa.

JERAHA LIKIISHA KUFUNGA

Kama kwa wiki 3 hivi, ikiwa hakuna kidonda kilicho wazi, paka vaselini safi na usugue kovu polepole kwa kidole, mara 2 au 3 kila siku. Hili hulainisha na kupunguza kuwashwa. Plasta ya karatasi iliyobandikwa juu ya kovu husaidia ngozi isivutwe. Zikipatikana, karatasi laini za silikoni huvaliwa saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi 3 au zaidi. Usikune. Piga polepole kwa kiganja.

KELOIDI IKITOKEA

Usimpe mtu wembe aikate. Keloidi ikikatwa tu bila dawa nyingine, mara nyingi hurudi, na pengine hurudi kubwa kuliko ya kwanza. Chale mpya huweza kuzaa keloidi mpya. Rudi hospitali mapema, wakati ingali ndogo. Daktari anaweza kuchoma sindano za dawa ndani ya kovu lenyewe, mara moja kila wiki 4 hivi, kwa miezi kadhaa. Ni kazi ya uvumilivu, lakini wengi hupata nafuu: kovu hushuka, na kuwashwa hupungua.

USINGOJE

Rudi siku ile ile ukiona usaha, harufu mbaya, homa, titi lenye moto na wekundu unaoenea, au jeraha lililofunguka. Rudi pia ukigusa uvimbe mpya ndani ya titi, kwapani, au chini ya kovu, hata kama hauumi. Uvimbe wa kansa mara nyingi hauumi mwanzoni, na ndiyo sababu watu huudharau.

Basi, mama, kama leo una uvimbe katika titi na umeuficha kwa kuogopa alama, njoo wiki hii ukapimwe. Njoo na sikio lako lenye kovu, ulionyeshe, na uulize maswali yako yote kabla ya kisu. Kovu tunaweza kulitunza pamoja kwa mwaka mmoja. Uvimbe uliofichwa mwaka mmoja ni vigumu kuutunza.