Flashi Imesoma, Redio Imenyamaza

Katika Probox nyingi zinazongoja abiria wa Kiminini na Webuye pale Kitale, tundu la kuwashia sigara halijawahi kuwasha sigara. Limechomekwa kidude chenye tarakimu nyekundu, vitufe vichache na nafasi ya flashi, ambacho wauza vifaa vya simu hukiita modyuleta. Kinauzwa shilingi mia kadhaa, na kazi yake ni kuifanya redio ya zamani icheze nyimbo zilizo kwenye flashi. Kikikataa, lalamiko linalomfikia fundi huwa lilelile: "Fundi, imesoma lakini haiimbi." Dereva hununua flashi nyingine. Ikikataa, hununua modyuleta nyingine. Ikikataa hiyo nayo, lawama huhamia kwa redio, na hapo ndipo gharama huanza kuuma.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kuna vitu viwili vizima ambavyo havielewani: flashi iliyoandaliwa kwa ajili ya kompyuta za kisasa imekutana na chipu ya bei rahisi, au redio iliyotengenezewa anga ya Japani imekutana na modyuleta iliyotengenezewa dunia yote iliyobaki. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nini kimekufa, uliza ni wapi mazungumzo yamekatikia.

Modyuleta ni kituo kidogo cha redio. Chipu yake inafungua faili iliyo kwenye flashi, inaigeuza kuwa sauti, kisha inairusha hewani kwa namba ya FM uliyoichagua, kati ya megahezi 87.5 na 108. Antena ya gari inainasa sauti hiyo jinsi inavyoinasa stesheni yoyote. Kati ya modyuleta na redio hakuna waya, kwa hiyo safari ya wimbo ina nusu mbili: kutoka kwenye flashi hadi hewani, na kutoka hewani hadi kwenye spika. Hitilafu huwa upande mmoja au mwingine, na sikio linaweza kukuambia ni upi kwa muda usiozidi dakika moja.

Chomoa modyuleta. Tafuta kwenye redio mahali pasipo na stesheni, penye shhh tupu, na usipunguze sauti. Sasa rudisha modyuleta, flashi ikiwa ndani, na uiweke kwenye namba ileile. Ikiwa shhh imekatika ghafla na kukabaki kimya kikavu, redio imeshika wimbi la modyuleta barabara, ila wimbi lenyewe halijabeba kitu. Hewa haina tatizo, antena haina tatizo, redio haina tatizo. Rudi kwenye flashi. Lakini shhh ikiendelea kana kwamba hukuchomeka chochote, achana na flashi kabisa, maana hata ingebeba kwaya nzima, redio haisikilizi mahali modyuleta inaposemea. Madereva wengi huviita vyote viwili "haiimbi", na ndiyo maana dawa ya tatizo moja hununuliwa kutibu jingine.

Tuanze na kimya kikavu. Kwanza hakikisha wimbo haujasimamishwa kwa kitufe na kwamba sauti ya modyuleta yenyewe haijashushwa hadi sifuri. Modyuleta zina sauti yao mbali na ile ya redio, na mtoto akishachezea vitufe hakuna anayekumbuka. Baada ya hapo, angalia ukubwa wa flashi. Chipu nyingi za modyuleta husoma mpangilio mmoja tu wa kuhifadhi faili, ule unaoitwa FAT32, uliotoka mwaka 1996 enzi za Windows 95. Flashi na memori kadi za GB 64 kwenda juu kwa kawaida hutoka dukani zikiwa na mpangilio mwingine, exFAT. Kompyuta na simu huusoma bila shida, lakini modyuleta huona flashi tupu au huandika neno la kukataa. Mtu husema flashi ni mbovu, kumbe iko timamu na nyimbo zake zote zimo.

Dawa ni kuifomati upya kwa FAT32, ukishahamishia nyimbo mahali salama, maana kufomati hufuta kila kitu. Kwa miaka mingi dirisha la kawaida la Windows limekataa kuweka FAT32 kwenye flashi inayozidi GB 32, na hapo vijana wa saiba hukata tamaa. Programu za bure kama Rufus huifanya kazi hiyo. Lakini mimi ningekushauri usijisumbue: nunua flashi ndogo. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo flashi ya GB 8 inabeba zaidi ya saa 130 za muziki. Kitale hadi Bungoma kupitia Webuye hakufiki kilomita 100. Sijui ni msafiri gani wa njia hiyo anayehitaji GB 64.

Flashi kubwa za bei ya kutupa zina ugonjwa wao. Kuna zilizotiwa chipu ya GB 4 au 8, kisha zikafundishwa kuiambia kompyuta kwamba ni za GB 64. Kompyuta inaziamini na kunakili nyimbo bila kulalamika. Nyimbo za mwanzo zinacheza vizuri, halafu kuanzia mahali fulani modyuleta inaruka, inakwama, au inatoa vipande vya wimbo ndani ya wimbo mwingine. Ukiona nyimbo za mwanzo ni nzima na za mwisho zote ni mbovu, shuku flashi feki. Programu iitwayo H2testw huijaza flashi yote kisha kuisoma tena, na uongo hudhihirika.

Ikiwa baadhi ya nyimbo zinacheza na nyingine zinarukwa bila mpangilio, tatizo liko kwenye faili zenyewe. Modyuleta hizi hujua MP3, mara nyingi na WMA, na baadhi husoma WAV. Muziki wa watu wa huku hauji hivyo siku zote. Kwaya ya kanisa imerekodiwa kwa simu, ikatoka M4A au AAC. Hotuba na nyimbo za matangani zimetumwa kwa WhatsApp, zikaja kama OPUS. Nyimbo za litungu au za kina Jacob Luseno zimetolewa kwenye kaseti na mtu mwenye kompyuta ya zamani, kila moja kwa namna yake. Tatizo ni kwamba mtu akiona modyuleta inataka MP3, hubadilisha herufi za mwisho za jina la faili na kuandika ".mp3". Yaliyomo hayabadiliki. Chipu inafungua, inakuta lugha isiyoijua, inaruka kwenda wimbo unaofuata. Faili lazima igeuzwe kwa programu inayogeuza kweli, kama Audacity au VLC, na kazi hiyo hupunguza ubora kidogo kila inapofanywa, kwa hiyo igeuze mara moja tu kutoka kwenye faili ya asili.

Na kama sehemu ya 10 ya miksi inacheza kabla ya sehemu ya 2, ni kwa sababu modyuleta nyingi hazifuati majina ya faili. Zinafuata foleni ambayo faili ziliingilia kwenye flashi. Fomati, kisha nakili moja baada ya nyingine kwa utaratibu unaoutaka.

Sasa ile shhh isiyokatika, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kesi ya kweli ya Afrika Mashariki. Kenya huruhusu kuingiza magari yaliyotumika ambayo hayajapita miaka 8, na mengi hutoka Japani na redio zake. Kule Japani, FM ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90. Nafasi ya 90 hadi 108, ambayo kwetu imejaa stesheni, kule ilikuwa ya televisheni, chaneli ya 1 hadi ya 3, mpaka televisheni za analojia zilipozimwa karibu nchi nzima Julai 2011. Baadaye sehemu ya nafasi hiyo ilipewa FM, na redio za magari mapya zaidi hufika 95. Redio ya Probox ya zamani ikifika 90 hurudi 76. Modyuleta yako iko 100.1. Zitakutana wapi?

Muuza magari au fundi wa redio hutatua tatizo hilo la stesheni kwa kutia ekspanda, kijiboksi kidogo kinachowekwa nyuma ya redio, kati ya waya wa antena na redio yenyewe. Ekspanda hushusha kila stesheni kwa kiwango kimoja, kwa mfano megahezi 12, ili iangukie mahali redio ya Kijapani inapofika. Modyuleta nayo hupitia antena ileile, kwa hiyo nayo hushushwa. Ukiiweka 100.1, itafute kwenye redio kwenye 88.1. Ukiiweka 88.1, ijaribu 76.1, kisha ijaribu 88.1 yenyewe, kwa sababu baadhi ya ekspanda huruhusu mawimbi ya asili kupita pamoja na yaliyoshushwa, na nyingine haziruhusu.

Si zote hushusha 12, na karatasi iliyobandikwa juu yake imefichwa nyuma ya dashibodi. Huna haja ya kuifungua. Shika stesheni unayoijua, West FM ya Bungoma au Sulwe FM inayotangaza kwa Kibukusu, na utazame namba kwenye redio. Kisha isikilize ikitaja namba yake ya eneo ulilopo. Toa ndogo kwenye kubwa. Tofauti hiyo ndiyo ya ekspanda yako, na ndiyo utakayoipunguza kwenye namba ya modyuleta kila wakati. Kama tofauti ni sifuri na redio inaishia 90, huenda gari halina ekspanda, basi weka modyuleta kati ya 87.5 na 90 na uweke namba hiyohiyo kwenye redio. Dirisha hilo la megahezi mbili na nusu ndipo Kenya na Japani zinapopishana.

Namba ikishapatikana Kitale, usidhani umemaliza. FM ina tabia yake: redio ikipata mawimbi mawili kwenye namba moja, haiyachanganyi nusu kwa nusu, inashika lenye nguvu na kulitupa dhaifu. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma karibu 1,400, na Mlima Elgon umesimama upande wa magharibi wa njia hiyo ukizuia mawimbi hapa na kuyaachilia pale. Namba iliyokuwa tupu Kitale inaweza kuwa na mtangazaji anayenguruma ukikaribia Webuye, na ukiwa Bungoma, stesheni za Uganda nazo hugombea nafasi. Ndiyo maana wimbo haufifii pole pole. Unakatwa katikati ya ubeti na mhubiri anachukua nafasi. Tafuta namba mbili tupu, moja kwa kila mji, uzijue kabla ya kuondoka. Mara nyingine kushusha kidogo antena ya kuvuta husaidia, kwa sababu stesheni ya mbali hupoteza zaidi kuliko modyuleta iliyo ndani ya gari.

Kuna kelele ambayo haitoki hewani. Ukisikia mluzi unaopanda kila unapokanyaga mafuta na kushuka unapoachia, huo ni umeme wa alternata unaopenya kwenye modyuleta. Zima injini uache ufunguo kwenye nafasi ya redio. Mluzi ukitoweka, umeupata. Chomoa simu inayochajiwa kwenye modyuleta hiyohiyo. Mara nyingi ndiyo inayozidisha. Sauti inayokwaruza kwenye besi tu ni jambo jingine: modyuleta imepandishwa sauti kupita kiasi. Ishushe hadi robo tatu, ongeza ile ya redio.

Tarakimu zisipowaka kabisa, usiguse flashi. Angalia fyuzi ya tundu hilo, mara nyingi ya ampea 15, ambayo hupenda kukatika sarafu ikidondokea ndani. Weka nyingine ya ampea hizohizo, wala si waya. Zikiwaka na kuzimika barabarani kwenye mashimo, pini ya katikati haigusi vizuri. Na dereva wa lori la mahindi linaloelekea bohari la nafaka asome maandishi kwenye ubavu wa modyuleta kabla ya kuichomeka: malori mengi makubwa ni ya volti 24, na modyuleta iliyoandikwa 12V peke yake haitadumu humo.

Fundi akishafungua dashibodi kwa sababu yoyote, mwambie atazame nyuma ya redio kama kuna mahali pa AUX. Baadhi ya redio za Kijapani zina nafasi hiyo ambayo haikuwahi kuunganishwa na kitu. Ikiwepo, kicheza flashi chenye waya wa sauti kitaingia moja kwa moja kwenye redio bila kupitia hewani, na mambo ya ekspanda, ya namba na ya wahubiri hayatakuhusu tena.