Kiti cha mzunguko na kiti cha mfadhili: Nani anaubeba uwanja?

Na Mwandishi Wetu, Msasani

SIKU ya mechi ya Simba na Yanga, hapa Msasani biashara hubadilika tangu asubuhi. Wachuuzi wa samaki humaliza mapema, na mafundi wa Bonde la Mpunga hufunga kazi kabla ya adhuhuri. Wenye nauli na kiingilio hupanda daladala hadi Kariakoo, kisha huunganisha hadi Temeke, ulipo Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wasio nacho hubaki kwenye kibanda umiza.

Kutoka upande wa pili wa Msasani, kule rasini, magari yenye vioo vyeusi huelekea uwanja huohuo. Hao hukaa VIP, wengi wao kwa tiketi za wadhamini.

Swali la leo ni la kiuchumi, na linamhusu mkulima na mfanyabiashara mdogo kuliko anavyodhani. Je, uwanja ni wa nani: wa anayetoa fedha nyingi mara moja, au wa anayetoa kidogo kila wiki?

Nilianza kujiuliza swali hili nikiwa mwanafunzi. Chuo kimoja kiliandaa bonanza la michezo, nasi wanafunzi tukawahi viti vya kivulini chini ya turubai. Kabla ya fainali tukaambiwa tuhame, kwani wafadhili walikuwa njiani. Tukahamia juani. Wafadhili walifika kipindi cha pili, wakakaa robo saa, wakapiga picha na kombe, wakaondoka. Viti vikabaki vitupu kivulini, sisi tukiwa juani na kimya. Timu yetu ilicheza fainali kama iliyo ugenini.

Sikusahau ukimya ule. Baadaye, niliposomea uchumi wa kilimo, nikaona kwamba tulichofanyiwa hakikuwa dharau tu. Kilikuwa pia hesabu mbaya.

Kiti ni kama samaki asiye na barafu

Mahindi unaweza kuyaweka ghalani ukasubiri bei. Kiti cha uwanjani hakiwekwi. Kipyenga cha mwisho kikilia, kiti ambacho hakikukaliwa thamani yake ni sifuri, kama samaki wa asubuhi aliyekosa barafu hadi jioni. Kwa hiyo mwenye uwanja asiulize tu "nani atalipa bei kubwa leo?" bali pia "nani atakuja wiki ijayo, mvua ikinyesha na timu ikiwa imefungwa?"

Tuchukue mfano wa kufikirika. Jukwaa lina viti 1,000 vya mzunguko, kila kimoja Sh 5,000. Klabu inafikiria kuving'oa na kuweka viti 400 vya kifahari vya Sh 20,000. Siku ya mechi kubwa, jukwaa la zamani linaingiza Sh milioni 5, jipya linaingiza Sh milioni 8. Mweka hazina anatabasamu.

Sasa tufanye hesabu ya msimu mzima. Ligi yetu ina timu 16, hivyo kila timu ina mechi 15 za nyumbani. Tuseme mechi 3 ni kubwa na zinajaza, na 12 ni za kawaida. Kwenye mechi za kawaida tuseme mzunguko unapata watu 400 na viti vya kifahari vinapata watu 40.

Jukwaa la zamani: Sh milioni 15 za mechi kubwa, jumlisha Sh milioni 24 za mechi za kawaida, jumla Sh milioni 39. Jukwaa jipya: Sh milioni 24 za mechi kubwa, jumlisha Sh milioni 9.6, jumla Sh milioni 33.6. Aliyetabasamu mwanzoni mwa msimu anafunga mwaka akiwa na pengo la Sh milioni 5.4.

Ndugu mfanyabiashara, hapo ndipo unapoingia wewe. Jukwaa la zamani limepitisha watu 7,800 kwa msimu, jipya watu 1,680. Muuza machungwa, karanga, mihogo na jezi wa nje ya geti amepoteza zaidi ya robo tatu ya wapita njia wake, na hakuna aliyemwita kwenye kikao. Mgeni wa VIP hashuki kwenye gari kununua muhogo.

Wafadhili nao wana hoja

Hata hivyo, haki itendeke. Klabu haiishi kwa viingilio vya mzunguko peke yake. Wanachama wa Simba waliridhia mfumo wa kumpa Mohammed Dewji hisa asilimia 49 kwa Sh bilioni 20, wanachama wakibaki na asilimia 51. Simba ikatwaa ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Yanga nao, kwa nguvu ya GSM, wakautwaa kuanzia 2021/22 na mwaka 2023 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mzunguko usingeweza kulipa mishahara ile.

Lakini tujiulize mdhamini ananunua nini. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka 10 na TFF wa haki za matangazo ya ligi, wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Fedha hizo hazikutolewa kwa ajili ya nyasi na magoli. Kinachouzwa ni mechi yenye kelele, rangi na jukwaa lililofurika. Ondoa watu wa mzunguko, mdhamini atakuwa amenunua gunia tupu. Mtu wa mzunguko hapewi sadaka anapouziwa kiti cha bei nafuu. Yeye ni sehemu ya bidhaa inayouzwa.

Wenzetu walijifunza vipi?

Nchini Marekani, ambako michezo ya vyuo ni biashara kubwa, vyuo vingi humtaka mtu achangie kwanza ndipo aruhusiwe kununua viti vizuri vya msimu. Kwa miaka mingi mchangiaji aliweza kupunguziwa kodi kwa asilimia 80 ya mchango huo, hadi sheria ya kodi ya mwaka 2017 ilipofuta nafuu hiyo. Kwa utaratibu wa kuchangia kwanza, viti bora huenda kwa wenye fedha, na mara nyingi mwanafunzi husogezwa pembeni.

Chuo Kikuu cha Duke kimechagua njia tofauti. Ukumbi wake wa mpira wa kikapu, Cameron, una nafasi 9,314 tu, na wenye fedha wanaozitamani ni wengi. Hata hivyo, nafasi za kando kabisa ya uwanja ni za wanafunzi, nao hupiga mahema nje kuzisubiri. Wafadhili hukaa juu yao. Kelele za wanafunzi hao ni sehemu ya sababu ya wafadhili kuitaka nafasi ya juu.

Uingereza, Februari 2016, wamiliki wa Liverpool walitangaza tiketi ya hadi pauni 77. Mashabiki wapatao 10,000 wakainuka dakika ya 77 ya mechi dhidi ya Sunderland na kutoka nje. Timu iliyokuwa ikiongoza 2-0 ikamaliza 2-2. Siku chache baadaye wamiliki wakaomba radhi na kuufuta mpango huo.

Somo kwa AMCOS na soko

Msomaji anaweza kusema, "Mimi nina korosho na ufuta, mpira unanihusu nini?" Unakuhusu. Kila chama cha msingi kina mzunguko wake na VIP yake. Mzunguko ni mkulima mwenye gunia mbili anayeleta kila msimu. VIP ni mnunuzi mkubwa, au mfadhili anayejenga ghala kisha akataka mzigo wake upimwe kwanza. Mwaka wa bei nzuri, wote wapo. Mwaka wa bei mbaya, mnunuzi mkubwa huenda wilaya nyingine, na mwenye gunia mbili ndiye hubaki. Ukimwonyesha mlango mwaka wa neema, usimtafute mwaka wa shida.

Ndiyo maana ushirika una kanuni ya mwanachama mmoja, kura moja, hata kama mmoja ana ekari 100 na mwingine ana 2. Asilimia 51 ya wanachama kwenye klabu zetu imejengwa kwa mantiki hiyohiyo. Tatizo ni kwamba asilimia hiyo ipo kwenye karatasi za hisa, haipo kwenye mpangilio wa viti.

Nini kifanyike?

Kwanza, idadi ya viti vya bei nafuu iandikwe kwenye mkataba kabla fedha ya mdhamini haijapokewa. Baada ya kupokea, mwenye njaa hajui kukataa.

Pili, kiti cha mgeni kiwe na muda. Asipothibitisha kufikia saa iliyopangwa, kiuzwe. Tiketi za kielektroniki zinarahisisha jambo hilo.

Tatu, shabiki aruhusiwe kulipia msimu mzima kidogokidogo, kama tunavyochangia vikoba. Klabu inapata fedha mapema, naye anapata uhakika.

Nne, wachuuzi wa nje wasikilizwe viti vinapopangwa upya. Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa pamoja wa Afcon 2027, na viwanja vinaandaliwa. Huu ndio wakati wa kuuliza, viti vikishafungwa kwa nondo na saruji tutakuwa tumechelewa.

Mfadhili akaribishwe na apewe kivuli, jina lake liandikwe ubaoni. Lakini asipewe kiti cha yule aliyekuja timu ilipokuwa haina mfadhili. Haba na haba hujaza kibaba, na uwanja wa watu 60,000 ni kibaba kikubwa sana kujazwa na mtu mmoja.