Leso ya Kazini: Jina ni la Nani?

Ijumaa moja, miaka kadhaa iliyopita, nilisimama safu ya pili katika msikiti wa mtaani kwetu hapa Mombasa. Mbele yangu alisimama kijana aliyevaa fulana mpya, nyeupe pepepe, na mgongoni pameandikwa kwa herufi kubwa jina la kampuni inayomwajiri, na chini ya jina nambari ya simu. Wallahi, msomaji, nilipotoka msikitini nambari ile nilikuwa nimeihifadhi, na sura aliyoisoma imamu siikumbuki!

Simlaumu kijana yule. Fulana alipewa zawadi kazini, naye akaona aivae siku tukufu. Siku hizi imekuwa ada kwa makampuni na maofisi kununua fulana, kofia, miavuli, vikombe na kalenda, vikapigwa chapa ya kampuni, kisha wakagaiwa wafanyakazi ili watiwe moyo. Nia ni njema, na dini yetu nayo yahimiza kupeana zawadi kwa kuwa huzidisha mapenzi. Lakini zawadi ina adabu zake, na asiyezijua hutumia fedha nyingi akanunua manung'uniko.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa karani katika kampuni moja ya mizigo, ambayo jina lake halina haja kutajwa. Mwaka mmoja, usiku wa kuamkia Idi, tuligaiwa leso doti moja moja, na mshahara wa mwezi ule ulikuwa haujatoka. Nilimpelekea mama yangu. Aliifunua, akaitazama mji na pindo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona leso hii haina jina?"

Nikamwonyesha: "Jina hili hapa, mama." Mahali pa jina palikuwa na jina la kampuni na sanduku lake la posta.

Akacheka kidogo. "Hilo ni lao. Langu mimi liko wapi?"

Leso ile hakuivaa hata siku moja. Alifungia nguo za kupeleka kwa dobi.

Maneno yale yalinikaa moyoni, kwa sababu watu wa Mombasa si wageni wa mambo ya chapa. Nenda Biashara Street ukaulize habari za duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye wengi walimjua kwa jina la Abdulla. Biashara hiyo ilianza mwaka wa 1887, na leso zake zikajulikana pwani nzima kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kutia majina kwenye leso, yaani zile methali na mafumbo, mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi za Kirumi tulizozizoea leo.

Sasa tazama busara ya mfanyabiashara huyo. Chapa ya duka aliiandika kwa herufi ndogo, pembeni. Mahali pa jina aliwaachia wavaaji, wakapata pa kumwambia jirani, mume au mke mwenza yale ambayo ulimi umeona haya kuyasema. Mwanamke alivaa maneno yake mwenyewe, na duka likatangazwa vilevile bila ya mtu kuona kwamba amefanywa ubao wa matangazo.

Miaka michache baadaye nilihamia ofisi nyingine, nikateuliwa pamoja na wenzangu wawili kuchagua zawadi za Idi. Tulikuwa watu 43: makarani, madereva, makuli, mabawabu na kina mama wafagizi. Mwenzangu mmoja alishikilia fulana, akisema ni rahisi na jina litaonekana toka Likoni. Nikamkumbuka kijana wa msikitini. Nikasema, "Kwanza tukawaulize wenyewe."

Madereva walitaka chupa za chai, maana hukesha njiani. Vijana wasiokuwa na wake walitaka vikoi. Waliobaki walitaka leso, wanaume kwa wanawake. Nikamwuliza yule mfagizi aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, "Bi mkubwa, leso yako tutafute jina gani?"

Akajibu bila kuniangalia, huku anafagia: "Mkono mtupu haulambwi."

Wenzangu waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani mishahara ilikuwa imechelewa siku 10, na Ramadhani ilikuwa ukingoni. Nilimfikishia tajiri maneno yale kama yalivyo. Alinyamaza kitambo, hata nikahofia kazi yangu. Kisha akasema, "Basi mishahara itangulie, leso zifuate." Na ndivyo ilivyokuwa. Mafunzo ya Mtume (S.A.W.) ni kwamba mwenye kazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Zawadi haiwezi kuziba pengo la mshahara, na ikijaribu huonekana ni hongo.

Leso hatukuchapisha wenyewe, kwani viwanda hupokea maagizo makubwa, na sisi tulikuwa wachache. Tulizinunua Biashara Street, za majina mbalimbali, na fundi akatutilia alama ndogo ya kampuni kwa uzi penye pembe. Kwenye chupa za chai jina liliandikwa kubwa, kwani chupa haiingii katika safu ya swala. Tuligawa siku tano kabla ya Idi, ili wenye leso wapate nafasi ya kukata doti na kupinda. Karani mkuu na bawabu walipata vitu vya thamani moja, na wenzetu Wakristo nao walipewa siku ileile bila ya kubaguliwa.

Zile leso tulizitandaza mezani, kila mmoja akachagua jina lake. Palikuwa na mabishano na vicheko ambavyo sijapata kuvisikia tena katika ofisi ile. Jina la "Mkono mtupu haulambwi" lilikuwapo, nikalisogeza mbele ya bi mkubwa. Akalisukuma kando. "Hilo lishafanya kazi yake," akasema, akachukua "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri."

Basi wewe uliyepewa dhamana ya kuchagua zawadi za wafanyakazi, lipa kwanza, uliza pili, kisha nunua kitu ambacho mtu angalikinunua mwenyewe lau angalikuwa na fedha. Chapa yako iweke pembeni. Bi mkubwa wetu aliivaa leso yake mpaka ikachujuka rangi, na kila aliyemwuliza ameipata wapi, alimtajia kampuni kwa kinywa chake.