TUNDU LA TATU SI PAMBO

Katika nyumba nyingi za miji yetu imo kalamu isiyoandika kitu. Wino wake ulikwisha zamani, walakini haitupwi, kwa kuwa imepewa kazi nyingine. Kila mtu atakapo kuchomeka chaji ya simu au redio yenye plagi ya miguu miwili, huitia ncha ya kalamu hiyo katika tundu la juu la soketi, akabana mpaka matundu mawili ya chini yafunguke. Watoto huona na kujifunza, na mtoto wa miaka minne hajui tofauti ya kalamu ya plastiki na msumari.

Soketi tutumiazo Tanzania ni za matundu matatu, za namna iliyowekewa viwango huko Uingereza mwaka 1947. Waliozibuni hawakutoboa tundu la tatu kwa urembo. Mguu wa juu wa plagi umefanywa mrefu kuliko wenzake makusudi, ili uingie kwanza na kuvisukuma vifuniko vidogo vilivyoziba njia za umeme. Tena tundu hilo huungwa na waya wa kijani wenye mistari ya manjano, uendao mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyofukiwa ardhini. Siku waya wa moto unapochubuka ndani ya pasi au friji na kugusa bati lake, umeme hukimbilia njia hiyo, fyuzi au swichi kuu ikakata, na mama wa nyumba akaona tu kwamba pasi imezima. Pasipo waya wa ardhini, bati hubaki na umeme wake wa volti 230, likimngoja wa kuligusa.

Wapo watakaojibu kuwa fyuzi ipo, basi hofu ya nini? Hapa pana kosa kubwa la fikra. Fyuzi ya plagi hulinda waya usiungue. Kumlinda mtu si kazi yake. Kile kifaa cha kwenye sanduku la umeme ambacho hukata umeme unapovuja, kile cha kulinda roho za watu, hutengenezwa kikate kwa miliampea 30. Fyuzi ya kawaida ni ya ampea 13, yaani zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Mtu aweza kufa na fyuzi ikabaki nzima. Nyumba isiyo na kifaa hicho yafaa iwekewe, na iliyo nacho, kibonyezwe kitufe chake cha kujaribia mara kwa mara. Kisipokata, fundi aitwe.

Tuje sasa kwenye ekstensheni. Chumba cha kupanga mara nyingi kina soketi moja tu, na mpangaji ana televisheni, friji, pasi, birika la umeme na simu tatu. Afanyeje? Hununua ekstensheni, kisha huchomeka ya pili juu ya ile ya kwanza, na zote huzipitisha chini ya zulia zisionekane na wageni. Hudhani kuwa matundu manne ni soketi nne. La, matundu yote hayo yanakula katika plagi moja ya ampea 13, ambayo kwa volti zetu ni wati 2,990. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 zikiwashwa pamoja, hesabu imekwisha pita.

Na hiyo ni ekstensheni njema. Waya wenye unene wa milimita za mraba 0.75 umekadiriwa kubeba ampea 6, ambazo hazifiki wati 1,400. Birika peke yake laushinda. Waya ukizidiwa hupata moto. Ukiwa umeviringishwa au umefunikwa kwa zulia, joto halina pa kutokea, gamba la plastiki hulainika, na nyaya hugusana. Kwa hiyo mnunuzi asome maandishi yaliyo juu ya waya wenyewe kabla ya kutazama bei. Pasi, birika na jiko la umeme vichomekwe ukutani moja kwa moja, kimoja kimoja. Plagi ikiwa ya moto mkononi, au soketi ikigeuka rangi, isitumike tena mpaka itengenezwe.

Mambo mengine yasemwe kwa ufupi. Umeme ukikatika mtu akipiga pasi, achomoe plagi kabla ya kwenda barazani kuzungumza. Umeme hurudi bila kubisha hodi. Achemshaye maji kwa chuma cha kutumbukiza ndooni asitie kidole kuonja joto kabla ya kuzima na kuchomoa. Aliyenaswa na umeme asishikwe: izimwe swichi kuu, na isipofikika asukumwe kwa mti mkavu, mwokoaji akisimama juu ya kitu kikavu. Moto wa umeme usimwagiwe maji.

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimefika katika vijiji ambavyo wazee wake walizoea koroboi maisha yao yote. Ni jambo la kujivunia, nasi twajivunia. Lakini kazi ya nyaya baada ya mita ni juu ya mwenye nyumba, na hapo ndipo wengi wanapobana senti. Huitwa kijana wa mtaani asiye na leseni ya EWURA, akafunga soketi za matundu matatu zenye kung'aa, na nyuma ya tundu la tatu hakuna waya wowote. Kwa macho, soketi hiyo na iliyo kamili ni sawa.

Mpangaji anayeongezewa kodi ana haki ya kuuliza fimbo ya ardhini imefukiwa wapi, na kwa nini chumba kizima kina soketi moja. Akiona haya kuuliza peke yake, na aulize mbele ya balozi wa shina, wapangaji wenziwe wakiwapo, na mwenye nyumba awatoe nje akawaonyeshe mahali ilipo.